TUNUTU WA MAJI: Namna ya Kumfunga kwa Unyoya na Waya, na Kumvulia Samaki Trauti

Wavuvi wa Mtera, wa upande wa Mpwapwa na wa upande wa Migoli, ni watu wa nyavu na mishipi. Kazi yao ni perege na kambale, na hapana haja ya kuwafundisha jambo hilo. Karatasi hii yaeleza uvuvi wa namna nyingine, ambao samaki wake hapatikani Mtera wala hawezi kuishi hapo. Samaki huyo ni wa mito ya baridi, jina lake trauti, na chambo chake ni nyuzi chache za unyoya zilizofungwa juu ya ndoana kwa waya mwembamba wa shaba.

Msomaji aweza kuuliza, Habari hii yatuhusu nini sisi wa nchi kavu ya Dodoma? Jibu ni kwamba maji ya Mtera yatoka huko huko akaako trauti. Bwawa lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na lapokea mito mitatu: Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo. Kisigo ni mto wa nchi kavu. Lakini Ruaha Mkuu hukusanya vijito vyake katika milima ya Poroto na Kipengere, na Ruaha Mdogo huanza katika nyanda za juu za Iringa, nchi ya Mufindi, mahali pa chai na ukungu. Mtu ajuaye kufunga tunutu wa maji hujifunza kwanza kutazama chini ya jiwe la mto, na mambo yaliyo chini ya jiwe lile ni habari za maji yatakayofika bwawani. Kwa hiyo kazi hii ina faida mbili, moja ya kitoweo na mchezo, na ya pili kubwa kuliko hiyo.

Asili ya trauti

Trauti si samaki wa asili ya Afrika Mashariki. Walowezi wa Kiingereza walikuja na hamu ya mchezo waliouzoea kwao, wakaagiza mayai ya samaki hao kwa meli. Mwaka 1905 trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, walitiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, kwa juhudi za Ewart Grogan na wenzake. Baadaye akafuata trauti wa upinde wa mvua, ambaye nchi yake hasa ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini. Kutoka hapo walienezwa katika mito ya Mlima Kenya, na wakati wa utawala wa Waingereza walitiwa pia katika vijito vya Tanganyika, vya Kilimanjaro na vya nyanda za juu za kusini. Katika sehemu za Mufindi wako hata leo, katika baadhi ya vijito na mabwawa ya mashamba ya chai.

Samaki huyu hupenda maji yenye baridi ya digrii 10 hadi 16 za Sentigredi, yaendayo kwa nguvu na kuchanganyika na hewa. Maji yakipita digrii 20 hupoteza hamu ya kula, na yakipita 25 huanza kufa. Mtera, bwawa likijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 tu juu ya bahari, na jua la uwanda wa kati latosha kumaliza habari yote. Mtu asidanganywe na mwenye kuuza vifaranga vya trauti kwa ajili ya bwawa la Mtera au malambo ya Dodoma.

Mdudu mwenyewe

Mkulima alijua neno tunutu kwa sababu ya nzige. Tunutu ni nzige mchanga, asiye na mabawa, aendaye kwa miguu pamoja na kundi lake. Hujivua ngozi mara kadhaa, na kila ajivuapo huwa mkubwa zaidi, mpaka siku atokapo na mabawa. Halali ndani ya gumba kama afanyavyo mtoto wa kipepeo. Basi katika mito pia mna wadudu wakuao kwa namna hiyo hiyo, ila wao ujana wao wote huupitisha chini ya maji. Kereng'ende ni mmoja wao. Lakini walio wengi, na wampendezao trauti kuliko wote, ni watoto wa yule mdudu mwororo ambaye mabawa yake husimama wima mgongoni kama tanga la ngalawa, na mkia wake ni nyuzi mbili au tatu ndefu. Huyo akiisha kupata mabawa hana kinywa cha kulia. Hupanda angani, huzaa, na kufa, aghalabu katika saa chache au siku moja mbili. Maisha yake yaliyobaki, majuma au miezi, ni ya majini.

Nenda kwenye kijito cha baridi, mahali maji yapitapo juu ya mawe kwa kasi bila kuwa na kina. Shika jiwe la ukubwa wa mkate, uligeuze polepole na kulitoa. Utaona wadudu bapa wanaokimbia kuelekea upande wa kivuli. Hao miili yao imetandazwa ili maji yasiwachukue. Utaona vijumba vya mchanga au vijiti vilivyogandishwa, na ndani yake buu mwenye miguu. Huyo si tunutu, bali hujifungia kabla ya kupata mabawa. Ukibahatika utaona tunutu mkubwa wa rangi ya manjano na kahawia, mwenye mikia miwili na kucha mbili katika kila mguu. Huyo ni mdudu wa heshima, na tutarudi kwake. Na katika maji ya pembeni, penye majani, utaona tunutu mwembamba kama punje ya ngano, ambaye ukimgusa huruka kama samaki mdogo. Huyo ndiye tutakayemfunga.

Katika chakula cha trauti wa mito, sehemu iliwayo chini ya maji ni kubwa kuliko ile aiokotayo juu. Jambo hili lilichukua muda mrefu kukubaliwa. Waungwana wa Kiingereza waliovua katika mito ya kusini ya nchi yao walishika sheria ya kwamba chambo cha unyoya sharti kielee, na kukizamisha ni kama hila. Wakili mmoja wa London, G. E. M. Skues (1858–1949), akaandika vitabu, kimoja mwaka 1910 na kingine mwaka 1939, akionyesha ya kwamba tunutu wa bandia ni chambo cha haki kama kingine chochote. Mwaka 1938 shauri hilo lilifanyiwa mjadala katika chama chao cha wavuvi, na wengi hawakumwunga mkono. Mtu wa nchi yetu, ambaye huvua ili ale, aweza kucheka. Lakini kila kabila lina miiko yake.

Aliyerahisisha kazi hakuwa wakili bali mlinzi wa mto. Frank Sawyer (1906–1980) alikaa maisha yake kando ya mto Avon, Wiltshire, akiutunza. Kwa kutazama kila siku aligundua ya kuwa tunutu mwembamba aogeleapo huibana miguu yake mwilini, hata haionekani. Basi, akasema, miguu ya unyoya iliyozungushwa kichwani mwa chambo ya nini? Akaiacha. Akaacha na uzi wa kufungia pia, akatumia waya wa shaba peke yake, ambao hufunga, huzamisha, na kutoa rangi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1958. Tunutu wake ndiye huyu tunayemwonyesha, kwa vitu vipatikanavyo hapa.

Vitu vitakiwavyo

Ndoana iwe ndogo, namba 12 kwa mwanafunzi na namba 14 akiisha kuzoea. Kijino cha ndani ya ncha kibanwe kwa koleo mpaka kilale, ili samaki mchanga aweze kufunguliwa bila kuraruliwa, na ili mvuvi mwenyewe asihitaji kwenda zahanati na ndoana sikioni.

Waya uwe mwembamba kama unywele wa singa. Hupatikana ndani ya mota ndogo iliyokufa au ndani ya redio mbovu, mahali nyaya zilipozungushwa maelfu ya mara juu ya chuma. Una rangi nyekundu ya kahawia na umepakwa vanishi, wala haushiki kutu ya kijani upesi. Waya wa nguzo za umeme na wa mitambo ya bwawa haufai kwa unene wake, na zaidi ya hayo ni mali ya umma, mtu asiuguse.

Unyoya alioutumia Sawyer ni wa mkia wa ndege wa kwao ambaye hapa hayupo. Badala yake twaweza kutumia unyoya wa mkia wa bata mzinga wa rangi ya kahawia, ambao nyuzi zake ni ndefu na zina vinyweleo vifupi vya kupendeza. Usipopatikana, bawa la mtetea mwekundu lafaa, ingawa nyuzi zake ni fupi na huwachosha vidole wale wasiozoea. Kwa tunutu wa rangi ya majivu, bawa la kanga ni zuri mno, na Ugogo ni nchi ya kanga. Lakini kanga wa mwitu asiuawe kwa ajili ya unyoya. Kuwinda ndege wa porini kuna sheria na kibali chake, na kanga wa kufugwa hudondosha manyoya ya kutosha uani.

Jiliwa dogo la fundi litaishika ndoana. Asiye na jiliwa achukue koleo lenye mdomo mwembamba, aibane ndoana, kisha afunge mishikio ya koleo kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na kuliegemeza koleo kati ya matofali mawili. Mkasi mkali na nta kidogo ya nyuki vyatosha kukamilisha karakana.

Kumfunga

Bana ndoana kwenye kunjo lake, shina lilale sawasawa. Anza waya nyuma kidogo ya jicho la ndoana na uuzungushe kuelekea kunjo, kila mzunguko ukigusa wa kwanza, bila nafasi na bila kupandana. Ufikapo mahali kunjo lianzapo, rudi mbele. Katika theluthi ya mbele ya shina zungusha waya huku na huku mpaka ufanye kinundu. Hicho ni kifua cha mdudu, na ndicho uzito wake. Wengi hukifanya kidogo mno kwa kuogopa sura mbaya. Heri kinundu kinene kuliko chambo kielecho. Kisha rudisha waya mpaka kwenye kunjo na uuache uning'inie.

Chukua nyuzi 4 za unyoya, uzikate pamoja karibu na mti wa unyoya, na uzipange ncha zake ziwe sawa. Ziweke juu ya shina, ncha zikichomoza nyuma ya kunjo kiasi cha milimita 3 au 4. Hiyo ni mikia. Zishike kwa mizunguko 2 ya waya. Mwanafunzi hupenda mikia mirefu, kwa sababu yapendeza mezani. Lakini ikizidi nusu ya urefu wa shina, trauti huinyonya mikia na kuiacha ndoana.

Sasa ndipo penye ufundi. Usizungushe nyuzi kwanza na waya baadaye. Zisokote pamoja na waya, taratibu, kama mwanamke asokotavyo kamba ya mkonge juu ya paja, mpaka ziwe kamba moja ya kahawia yenye mng'ao wa shaba ndani yake. Kamba hiyo uizungushe kuelekea mbele, tumbo likinenepa kidogo kidogo mpaka kwenye kinundu, na kuendelea juu yake mpaka karibu na jicho. Waya uliosokotwa ndani huufanya unyoya udumu. Jino la samaki likikata uzi mmoja, mwingine wabaki. Ukisokota kupita kiasi nyuzi hukatika hapo hapo, na hakuna dawa ila kuanza upya.

Karibu na jicho tenganisha waya na nyuzi. Funga nyuzi kwa mzunguko mmoja, kisha upeleke waya nyuma ya kinundu. Laza nyuzi kurudi nyuma juu ya kinundu, uzifunge kwa mzunguko. Peleka waya mbele, laza nyuzi tena kuelekea mbele, uzifunge. Mkunjo huu wa mgongoni, mara mbili au tatu, ni mfuko wa mabawa. Katika mdudu wa kweli huwa mweusi siku za karibu na kutoka kwake majini, na trauti aujua sana. Malizia kwa mizunguko 4 nyuma ya jicho, pitisha waya chini ya mzunguko wa mwisho mara mbili, vuta, kata. Hakuna gundi wala rangi.

Mjaribu katika beseni la maji. Sharti azame mara moja, kichwa kikitangulia. Akielea ni kwa sababu ya hewa iliyokamatwa katika unyoya. Mloweshe, umminye kwa vidole, umtie tena. Akiendelea kuelea, mfumue, uongeze waya.

Mwenye mikono mizuri hufunga wa kwanza kwa nusu saa, na baada ya wiki kadhaa hufunga mmoja kwa dakika chache. Hapa yafaa kusema ya kwamba kazi hii si mchezo kwa kila mtu. Nchini Kenya, hasa Nairobi, wako mafundi, wanawake kwa wanaume, wafungao vyambo vya unyoya kwa kuuza, na vyambo hivyo huvuka bahari kwenda kuvuliwa Ulaya na Marekani, katika mito ambayo mafundi wenyewe hawajapata kuiona. Fundi hulipwa kwa idadi ya vyambo na kwa kufanana kwake. Wa thelathini awe sawa na wa kwanza. Atakaye kuifanya kazi hii kuwa biashara ajizoeze kufanana kabla ya kujizoeza upesi.

Ufito na mshipi

Walowezi walitumia fimbo za gharama na magurudumu ya kuzungushia mshipi. Si lazima. Wajapani wa milimani tangu zamani huvua kwa ufito na mshipi uliofungwa nchani, usio na gurudumu, na uvuvi huo huitwa tenkara. Mwanzi wa Iringa, ule ule utoao ulanzi, wafaa kwa ufito wa mita 3 au 4. Chagua uliokomaa, ulionyooka, usiogemwa. Ukaushe kivulini kwa majuma kadhaa ukiwa umening'inizwa kwa ncha yake ya juu na jiwe limefungwa chini. Mshipi uwe na urefu sawa na ufito, wa nailoni nene kidogo, na mwisho wake uongezwe meta moja ya nailoni nyembamba ihimiliyo kilo 2 tu. Juu ya kiungo hicho paka mafuta ya kondoo ili mshipi uelee, lakini nusu mita ya mwisho isiguswe na mafuta, maana hapo twataka kuzama. Hakuna chubwi, uzito u ndani ya tunutu.

Kuvua

Trauti hukaa akiuelekea mkondo, maana chakula chamjia kutoka huko. Kwa hiyo mvuvi atoke chini, apande kuelekea chanzo cha mto, apate kuwa nyuma yake. Kijito cha milimani ni cheupe kama kioo. Kivuli kikianguka juu ya maji, au mguu ukitikisa ukingo, samaki huingia chini ya jiwe na hatoki kwa muda mrefu. Nguo nyeupe iachwe nyumbani.

Tupa tunutu mita moja au mbili mbele ya mahali unapomdhania samaki: nyuma ya jiwe, pembeni mwa mkondo pale maji ya kasi yakutanapo na ya polepole, au chini ya ukingo ulioliwa. Mwache ashuke pamoja na maji. Usimvute. Inua ufito kadiri mshipi ukurudiavyo, usilegee sana wala usikaze. Jicho lako liwe mahali mshipi uingiapo majini. Hutamwona samaki, wala hutasikia mvuto kama ule wa kambale, maana trauti hukipokea chambo na kukitema kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho. Mshipi ukisimama, ukienda kando, au ukizama kidogo kupita ilivyokuwa, inua ncha ya ufito kwa mkono mwepesi. Mara nyingi itakuwa jani au jiwe. Inua vivyo hivyo.

Iko hila moja zaidi. Tunutu akaribiapo kuwa na mabawa huacha chini na kupanda kuelekea uso wa maji. Basi chambo kinapofika karibu na samaki, inua ufito polepole, kiasi cha shubiri, ili kipande. Samaki aliyekuwa akikiangalia tu kwa uvivu aghalabu hawezi kujizuia.

Na hapa Mtera? Perege hula hasa mwani na vitu vidogo, lakini huokota pia mabuu na matunutu, na wavuvi wa nchi nyingine humpata kwa chambo kama hiki. Mvuvi wa ufito ajaribu mahali pa utulivu, karibu na majani au miti mikavu iliyosimama majini, amwache tunutu azame polepole, kisha amvute kwa vidole inchi kwa inchi. Asitazamie kushindana na mwenye nyavu. Asiingie majini hata kidogo, maana bwawa lina mamba na viboko, na maji yaliyotulia ya nchi ya joto ni nyumba ya konokono wa kichocho. Avulie palipo wazi, mbali na ukuta wa bwawa, akiwa na leseni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haitofautishi kati ya samaki wa unyoya na samaki wa nyavu. Huko Mufindi ruhusa ya mwenye shamba nayo ni ya lazima.

Wala mtu asichukue trauti hai katika ndoo kutoka kijito hiki na kumtia katika kingine. Trauti wa kahawia na trauti wa upinde wa mvua, wote wawili, wameandikwa na wataalamu wa hifadhi ya dunia katika orodha ya viumbe wageni 100 walio wabaya kuliko wote. Atiwapo mahali papya hula samaki wadogo wa asili, vyura, na wadudu wenyewe. Mahali alipo, avuliwe na kuliwa. Mahali asipokuwapo, asifike.

Habari za chini ya jiwe

Tumesema tutarudi kwa tunutu mkubwa mwenye mikia miwili. Mdudu huyu na wenzake walio bapa hupumua kwa mapezi membamba yaliyo ubavuni au kifuani, nao hawastahimili uchafu. Maji yakipungua hewa, au udongo ukiyafunika mawe na kuziba nafasi zilizo kati yake, wao hutangulia kutoweka. Wabakiao ni minyoo na mabuu mekundu ya visubi, ambao waweza kuishi hata katika mtaro. Wataalamu wa mito wametengeneza kipimo cha Tanzania kwa msingi huu, kiitwacho TARISS: kila jamii ya wadudu ina maksi zake, na jumla yake hueleza hali ya mto.

Mambo yenyewe si madogo. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukipita mwaka mzima katika hifadhi ya Ruaha, ulianza kukauka wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, na ukavu huo umerudi mwaka hata mwaka. Maji yatolewayo kwa mashamba ya mpunga ya Usangu yametajwa sana katika shauri hilo, na hatuwezi kulimaliza katika karatasi hii. Lakini liko shauri dogo lililo mikononi mwa kila mkulima wa juu. Vinyungu vya Iringa hulimwa mabondeni, karibu kabisa na vijito, wakati wa kiangazi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka mita 60 ziachwe kutoka kwenye ukingo, na iwapo desturi imeshinda sheria mahali fulani, basi angalau ukanda wa majani uachwe, usilimwe, upate kushika udongo. Tena bomba la dawa ya wadudu lisioshwe mtoni. Dawa zilizotokana na pareto, na zile zilizotengenezwa kwa mfano wake, hazimdhuru sana ng'ombe wala mtu azitumiaye kwa uangalifu, lakini kwa samaki na tunutu wa maji ni kali mno; kiasi kidogo kiliwachwo katika bomba chatosha kuua mawe yote ya kijito kimoja.

Mwenye kuvua kwa tunutu aweza kuwa shahidi. Achague mahali pamoja, afike hapo mara moja kila mwezi, ageuze mawe 5 yale yale, na kuandika katika daftari aina alizoziona na wingi wake, tarehe, na kama maji yalikuwa meupe au ya udongo. Kila jiwe alirudishe upande wake ule ule, maana wakaao chini hufa wakiachwa juani. Baada ya mvua kubwa za masika wadudu hupungua kwa kuchukuliwa na mafuriko. Hilo ni la kawaida, nao hurudi. Lakini wakitoweka kiangazi, kwa ghafula, maji yakiwa meupe, pana jambo. Ofisi ya Bonde la Maji la Rufiji iko Iringa mjini. Habari ipelekwe huko, au kwa bwana samaki wa wilaya, pamoja na daftari, na chupa safi ya maji yaliyotekwa siku ile ile kabla ya jua kuwa kali.